Vegani kwenye paki za michezo Dar: jinsi ya kula ukashiba bila kushinda na chipsi kavu

Siku inayowachosha vegani wengi hapa Dar, yaani watu wasiokula kitu chochote kinachotoka kwa mnyama, ni ile Jumamosi ambayo familia imeamua twende Kunduchi watoto wakateleze kwenye maji, manake nyumbani unajua unapika nini, kazini ushamzoea mama ntilie wako na yeye kakuzoea, ila kule ndani unakutana na menyu ya kuku chipsi, baga, pizza, mishikaki na samaki, na kiingilio ushalipa kwahiyo huwezi kutoka kirahisi kwenda kutafuta kitu kingine. Mtu anakaa toka saa nne asubuhi mpaka jua linazama na sahani moja ya chipsi na soda mbili, kichwa kinauma, alafu ndugu wanasema si unaona, chakula chako hakina nguvu.

Mi nasema hii inaweza kuepukika kabisa. Pwani hii inapika kwa nazi na mafuta ya mimea toka enzi za mababu, maharage yapo, mchicha upo, kisamvu kipo, mihogo ipo, wali wa nazi ndo usiseme. Vitu hivi mara nyingi vipo jikoni hata pale ambapo kwenye menyu havijaandikwa, kwahiyo kazi yako kubwa ni kumfikia mpishi mapema na kumuuliza maswali sahihi. Nimeandika nikifikiria paki kama Kunduchi Wet 'n' Wild na Fun City ya Kigamboni, ila mbinu ni zilezile hata ukienda hoteli yoyote yenye swimingipuli, na chini huko nimegusia Coco Beach, visiwani, Sabasaba na kidogo kuhusu paki za nje kwa wanaosafiri.

Tuelewane kwanza, hapa naongelea mtu asiyekula nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, jibini, siagi, samli wala asali. Kama we mayai unakula basi una kazi nyepesi zaidi, chukua yanayokuhusu.

HATUA YA 1: Ongea nao siku moja au mbili kabla

Usipige simu asubuhi ya siku yenyewe, hapo kila mtu ana haraka na utajibiwa "njoo tu, chakula kipo", na hilo jibu halina maana yoyote kwako kwa sababu chakula kipo kweli ila ni kuku. Piga siku ya kazi, mida ya saa tisa saa kumi alasiri hivi, pale watu wa lanchi washaondoka na jikoni kumetulia. Ukipokelewa na mtu wa geti au wa tiketi mwombe kistaarabu akuunganishe na restoranti, na ukifika restoranti omba kuongea na mpishi au supavaiza. Mtu wa tiketi hajui kilichopo kwenye sufuria, tena usimlaumu, sio kazi yake.

Sehemu nyingi siku hizi wana namba ya WhatsApp na hiyo nzuri zaidi kwa sababu jibu linabaki kwa maandishi, ukifika unamuonyesha mhudumu. Andika kitu kama hiki:

"Habari za kazi dada. Jumamosi tunakuja watu sita, wawili hatuli nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, jibini, siagi, samli wala asali. Naomba kujua kama jikoni wanaweza kututengenezea wali na maharage, au ugali na mboga za majani, kwa mafuta ya kawaida ya kupikia. Tutalipa kama sahani nyingine tu. Tunafika saa nne na tungependa kula saa sita na nusu. Naomba pia kujua kama mnaruhusu kuingia na matunda. Asante sana, kazi njema."

Angalia ujumbe huo umetaja nini. Umetaja kila kitu usichokula kimoja kimoja, umependekeza chakula ambacho mpishi yeyote wa Dar anakipika akiwa amefumba macho, umesema utalipa, na umetaja muda. Ukimwandikia mtu "mna chakula cha vegani?" peke yake atakujibu hapana, au atakujibu ndiyo bila kuelewa, na hilo jibu la pili ni baya zaidi kwa sababu utaikuta samli sahanini.

Kama mnaenda siku ya sikukuu, Idi, Krismasi, Boksingi Dei, mwaka mpya, basi hii hatua usiiruke hata kidogo. Siku hizo paki zinajaa watoto mpaka basi, jikoni wanapika vitu vinavyotoka haraka na hawana muda wa kukuchemshia maharage. Oda ya mapema ndo itakuokoa.

HATUA YA 2: Kula ushibe kabla hujaingia

Hata kama wamekuambia chakula kipo, usiingie na njaa. Ukiwa umeshiba unapata subira ya kuuliza maswali, ukiwa na njaa unakula chochote alafu unajuta.

Kwa wanaoenda Kunduchi kwa daladala, zile za Tegeta zinazopita Barabara ya Bagamoyo zinakushusha Mtongani, na hapo kabla hujachukua bajaji kwenda ufukweni tafuta mama ntilie unywe chai. Kwa wanaoenda Kigamboni, kama unavuka na kivuko cha Magogoni basi maeneo ya Feri huku na ng'ambo kuna vyakula vya asubuhi, na kama unapita Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016 kutokea Kurasini, bora ule kabla hujapanda gari.

Vya asubuhi vya kuangalia:

Chapati na maharage ndo chaguo la kwanza. Chapati za mitaani kwa kawaida ni unga, maji, chumvi na mafuta, ila wapo wanaoweka maziwa, yai au samli ili ziwe laini, kwahiyo uliza, "mama shikamoo, chapati zako umekandia maji au maziwa?" Atakujibu bila shida, tena wengi wanafurahi mtu akiuliza upishi wao.

Vitumbua ni mchele, nazi, sukari, hamira na iliki, mara nyingi viko salama. Maandazi yanatofautiana sana, ya nazi ni mazuri, ila mengine yamekandiwa maziwa, yai na siagi, usibahatishe. Bagia za kunde au dengu ziko poa, kachori za viazi nazo kwa kawaida ziko poa. Mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, hivyo kula bila wasiwasi kama havijapakwa kitu. Chai omba ya rangi.

Na kama ni mwezi wa Ramadhani jua kwamba mchana mama ntilie wengi wanafunga biashara, kwahiyo ukitegemea kula njiani utakwama, kula nyumbani, kwa heshima na kwa usalama wa tumbo lako. Ila kuna uzuri wake, jioni ukitoka paki unakutana na futari, mihogo ya nazi, ndizi mbichi za nazi, magimbi, viazi vitamu, kunde, mbaazi, yaani meza nzima karibu yote inakufaa, we unauliza tu kama kuna samaki au nyama ndani ya sufuria.

HATUA YA 3: Beba vitu vidogo, na uwaambie getini

Sehemu nyingi za kulipia hawaruhusu chakula cha nje na mabegi yanakaguliwa. Mi sishauri kuficha chakula chini ya taulo, ukikamatwa unaaibika mbele ya watoto na unawaharibia wenzako watakaokuja kuomba kwa nia njema. Sema wazi getini, "kaka samahani, nina matunda na karanga kidogo kwa sababu kuna vyakula situmii, naomba niingie navyo." Kama ushaandikiana nao WhatsApp onyesha ile meseji. Mara nyingi kitu kidogo kinapita, sufuria la pilau la watu kumi ndo halipiti.

Wakikataa kabisa, acha kwenye gari kama mna gari, na uliza kama ukitoka unaruhusiwa kurudi ndani bila kulipa tena. Wengine wanafunga utepe mkononi, wengine ukitoka umetoka. Lijue hilo kabla hujavuka geti.

Sasa kuhusu cha kubeba, hapa zingatia joto la Dar. Wali wa nazi na maharage ya nazi vinachacha haraka sana vikikaa kwenye gari lililopigwa jua, asubuhi vizuri, saa nane ukifungua kontena harufu inakukimbiza. Chakula cha nazi kiliwe siku hiyohiyo na mapema, au usikibebe. Beba karanga, korosho, tende, kashata za nazi au za karanga, hizo uliza kama hazina maziwa manake zipo za maziwa, ndizi mbivu, machungwa, viazi vitamu vya kuchemsha, chapati kavu. Parachichi moja na kisu kidogo cha plastiki ukiikamua kwenye chapati na ndimu na chumvi ushapata lanchi ya kueleweka.

HATUA YA 4: Ukiingia, pita jikoni kwanza, maji baadae

Hii watu wanaipuuza. Watoto wanakimbilia kwenye slaidi, we unaenda nao, unakumbuka chakula saa nane ambapo foleni ni ndefu na jikoni wameshachoka. Fanya hivi, wakati wenzako wanabadilisha nguo we nenda restoranti saa nne asubuhi, hapo wapishi ndo wanaanza kukata vitunguu, mafuta ya kukaangia yamemwagwa mapya, maharage yako jikoni hayajaungwa. Ukiomba kitu muda huo kinawezekana, mpishi anakutengea maharage yako pembeni kabla hajaweka anachoweka. Saa nane hakiwezekani kwa sababu kila kitu kishachanganywa.

Na kauli yako iwe kamili. Ukisema "sili nyama" utaletewa kuku, au samaki, kwa sababu kwa watu wengi nyama ni ng'ombe na mbuzi basi. Ukisema "nataka mboga tu" ndo umeharibu zaidi, manake mboga huku ni chochote cha kushushia ugali, hata maini ni mboga. Sema, "dada yangu naomba unisaidie, mimi situmii nyama ya aina yoyote, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, jibini, siagi wala samli. Naweza kula wali, ugali, maharage, mboga za majani, chipsi, matunda. Jikoni leo mna nini katika hivyo?" Ukimaliza kutaja visivyofaa, hapohapo taja vinavyofaa, mhudumu asibaki ameganda anajiuliza huyu anakula nini sasa.

Wengine watakuuliza, we ni Msabato? Wapo Wasabato wasiokula nyama kwahiyo watu wameshawazoea, na marasta nao wanajulikana kwa ital, chakula chao cha mimea. Kama kweli we ni Msabato au rasta sema, inasaidia, ila hata hapo kumbuka kuna Wasabato wanaokula mayai na maziwa kwahiyo bado taja. Na usidanganye kwamba una aleji. Najua ushauri huo unazunguka, sema tu nina aleji watakuwa makini, mi naupinga kwa sababu kuna watoto ambao maziwa au karanga vinawapeleka hospitali kweli, na wahudumu wakishazoea kusikia aleji za uongo siku ya kweli hawatajali. Useme tu situmii, inatosha, mtu wa Dar ukimwambia kwa upole situmii anaheshimu.

HATUA YA 5: Jenga sahani yako kutoka kwenye menyu ile ile

Hapa ndo penye utamu kwahiyo nitakaa kidogo.

Chipsi. Karibu kila paki wanazo na viazi vyenyewe havina shida, shida ni mafuta. Karai lilelile limekaanga kuku, samaki, soseji. Kama kwako hilo ni tatizo uliza kama wana kikaangio cha viazi peke yake, na kama hawana omba chipsi za awamu ya kwanza asubuhi kabla kuku hajaingia. Kama kwako mafuta ya pamoja sio tatizo, sawa, kila mtu ana mstari wake na mi sitakupangia. Omba kachumbari nyingi, pilipili, tomato sosi. Mayonaizi usiguse, ni mayai. Na usisahau kusema chipsi kavu, ukizubaa unaletewa zege, yaani chipsi mayai.

Wali. Wali wa nazi na wali mweupe uko sawa, ila sehemu za kihoteli wengine wanamalizia na siagi ili punje ziachane, uliza. Pilau iache mpaka uhakikishe, hata ile inayoitwa pilau ya mboga inaweza kuwa imepikwa na mchuzi wa nyama kisha nyama ikatolewa, au imetiwa kiungo cha pakiti chenye ladha ya ng'ombe. Biriani vilevile, lile rojo lake mara nyingi lina mtindi.

Maharage, ndo rafiki yako. Maswali mawili tu, yameungwa na nini, na kuna nyama au mifupa ndani? Ya nazi au ya mafuta ya alizeti ni sawa. Mchicha na matembele uliza kuhusu dagaa na siagi. Kisamvu kitamu kuliko vyote kikipikwa na nazi na karanga, ila wapo wanaotia kamba au dagaa ili kinoge, na kimetwangwa kwahiyo hutaona kwa macho. Bamia, nyanya chungu, njegere, mbaazi, choroko, vyote vinawezekana vikiungwa na nyanya na vitunguu.

Pizza. Watu wengi hawaifikirii ila inawezekana, omba pizza ya mboga bila jibini, waongeze nyanya, vitunguu, hoho, uyoga kama upo, nanasi kama unapenda, alafu ikitoka ovenini nyunyizia pilipili na ndimu. Uliza kama unga umekandwa kwa maziwa. Usiogope kuomba bila jibini, kwao ni rahisi zaidi na kwako ni chakula cha moto.

Baga za mboga kuwa nazo makini, ile keki ya mboga ndani mara nyingi imeshikwa na yai, na mkate wake unaweza kuwa na maziwa. Sambusa za mboga nzuri, hakikisha tu sio za nyama zilizokaa sahani moja, kwa nje zinafanana.

Juisi nayo ina mtego. Juisi ya parachichi sehemu nyingi inasagwa na maziwa, sema mapema bila maziwa. Embe, pasheni, tikiti, nanasi, ukwaju, ziko sawa. Juisi ya miwa na tangawizi na ndimu siku ya jua kali ni tiba kabisa. Dafu pia. Ukiagiza dawa ile ya tangawizi na ndimu waambie waweke sukari badala ya asali.

Alafu kuna kitu ambacho nadhani ndo siri kubwa kuliko zote humu: waulize wafanyakazi wanakula nini mchana. Wale vijana wanaolinda mapuli, akina dada wa usafi, walinzi, hawali pizza kila siku. Kuna sufuria la maharage na ugali au wali mahali, aidha jikoni wanawapikia au kuna mama analeta na ndoo zake saa saba. Mwambie mhudumu, "samahani kaka, nyie wenyewe mchana mnakula nini, naweza kununua sahani moja?" Wengi watacheka kwanza, watakuambia hiki sio cha wageni, mwambie mi ndo napenda hichohicho. Sahani hiyo ni ya bei ya kawaida, inashibisha, na ina ladha ya nyumbani. Lipia vizuri, usiombe bure, na hakikisha hujamnyima mtu chakula chake.

HATUA YA 6: Kama ni pati au safari ya kazini

Bethidei za watoto, siku ya familia ya kampuni, safari za shule, hizi zina pakeji na bufee, na aliyepanga ndo mtu wa kuongea naye mapema, sio mpishi. Mwambie mwandaaji wiki moja kabla, asikupangie meza ya peke yako wala nini, aongeze tu trei moja ya maharage au njegere na trei ya mboga za majani zilizopikwa kwa mafuta. Wageni wengine watakula pia, na gharama haipandi kwa sababu maharage ni rahisi kuliko kuku.

Kwenye bufee yenyewe wahi mwanzoni. Miiko inahamahama, mtu anachota mchuzi wa kuku na mwiko uleule anauzamisha kwenye maharage, ukija wa mwisho maharage yana mafuta ya kuku juu. Kama umechelewa omba mhudumu akuchotee kutoka sufuria la nyuma.

Watoto wa kivegani kwenye pati wanateseka kwenye keki na aiskrimu. Nenda na kitu chao kitamu mkononi, kashata, visheti visivyo na maziwa, au wahi kumnunulia lambalamba ya ukwaju au ubuyu, uliza tu haina maziwa. Mtoto akiwa na chake wakati wengine wanakula koni hajisikii mnyonge.

SEHEMU NYINGINE ZA DAR

Coco Beach ni rahisi. Mihogo ya kukaanga na pilipili na kachumbari, mahindi ya kuchoma na ndimu, madafu, embe mbichi na chumvi, ushapata mlo. Uliza tu karai la mihogo kama halikaangi samaki.

Mbudya na Bongoyo ni ngumu. Boti za Mbudya zinatokea upande wa Kunduchi na za Bongoyo zinatokea Slipway, na huko kisiwani chakula kinachouzwa zaidi ni samaki na chipsi. Huku beba chakula chako chote na maji ya kutosha, na urudi na takataka zako, eneo lile ni hifadhi ya bahari.

Sabasaba, viwanja vya Mwalimu Nyerere Barabara ya Kilwa, mwisho wa mwezi wa sita kuingia wa saba, mabanda ya chakula yametawaliwa na nyama choma ila ukitembea bila haraka utakuta ugali na mboga za majani, mahindi, miwa, matunda. Kule joto na vumbi vinakausha mwili, kunywa maji kabla ya kutafuta chakula.

Na kama paki imekushinda kabisa na unapita mjini kurudi, maeneo ya Kisutu na Upanga kuna vyakula vya Kihindi vya mboga kwa sababu ya jamii za Kihindu na Kijaini za pale. Nyama hutakuta, ila maziwa yapo kwa wingi, samli kwenye chapati na dali, paniri (jibini ya Kihindi), mtindi, kwahiyo sema bila samli, bila paniri, bila mtindi, watakuelewa mara moja. Chakula cha Kihabeshi nacho ni mkombozi, waumini wa Orthodox wa Ethiopia wanafunga Jumatano na Ijumaa bila kitu chochote cha mnyama, kwahiyo ukiomba sinia la mfungo unaletewa injera, ule mkate wao mwembamba wa chachu, na dengu, kabichi, mboga za majani, vyote bila siagi. Addis in Dar ipo miaka mingi kwa wanaotaka kujaribu.

KWA WANAOSAFIRI

Walioenda Marekani kwenye Walt Disney World kule Florida wana kazi nyepesi, toka 2019 walianza kuweka alama ya jani la kijani kwenye menyu, na jani hilo linamaanisha chakula hakina nyama, maziwa, mayai wala asali. Unaweza kuagiza kwa simu kwenye programu yao, restoranti za kukaa mezani unabuku mpaka siku 60 kabla, na wanaruhusu kuingia na chakula chako mwenyewe ilimradi sio chupa za glasi wala pombe. Kitamu chao maarufu cha nanasi, Dole Whip, hakina maziwa kikiwa cha nanasi tupu, kikichanganywa na vanila ndo kinaingia maziwa.

Dubai, ambako wengi wetu tunapita, kwenye paki tafuta kona ya chakula cha Kiarabu, falafeli (bagia za dengu), humusi (dengu za kusaga na ufuta), tabule (saladi ya majani), mkate. Mutabali, ile ya biringanya za kuchoma zilizopondwa, uliza manake wengine wanatia mtindi.

HATUA YA 7: Kabla hujaondoka

Rudi jikoni umshukuru mpishi kwa mdomo wako, umuachie kitu kidogo kama unaweza, na umuombe namba yake au ya supavaiza. Isevu kwa jina la sehemu na alichokupikia, mfano "Mpishi Kunduchi maharage ya nazi". Safari ijayo unamtumia meseji Alhamisi, anakuambia kama Jumamosi yuko zamu au hayupo, na kama hayupo umwombe akuunganishe na mwenzake atakayekuwepo.